Léon Theremin, mutu aliyepiga muziki bila kugusa kitu

Ndugu wachimbaji, mama zetu wa nyumbani, na ninyi vijana munaosoma ukurasa huu kisha ule wa mupira: siku zingine tunawaandikia juu ya mushahara, buti, maski ya vumbi na saa za nyongeza. Leo tunawaandikia juu ya muziki. Musishangae. Hadisi hii iko na mawe, iko na kikosi cha kazi, iko na posho, na iko na mufanyakazi aliyenyanganywa kazi ya mikono yake. Ni hadisi yetu pia.

Mu makambi na mu makartie yetu, vijana wengi wanasikiliza ku telefone muziki mumoja usiokuwa na mwimbaji. Hauna ngoma ya kuchezesha kiuno. Unaanza polepole sawa ukungu wa asubui ya mwezi wa sita: sauti moja chini, ingine inapanda juu yake, kisha ya tatu, mpaka unajisikia sawa vile uko ndani ya kanisa kubwa, ao peke yako ku mulima. Ndani yake munasikika mambo ya zamani ya Bach na Debussy, na munasikika mambo ya kutuliza roho, yale ambayo wazungu waliita muziki wa enzi mpya. Wazee wanasema ni makelele ya masini tu. Sisi tunasema: mbele ya kuutupa, tujue kwanza umetoka wapi. Njia yake inapita mu mikono ya mutu mumoja, Murusi, aliyeitwa Lev Termen. Ulaya na Marekani walimuita Léon Theremin.

Mutoto wa fizike na wa violonseli

Theremin alizaliwa mwaka 1896 mu muji wa Saint-Pétersbourg, mu jamaa yenye mizizi ya Kifransa. Tangu utoto alipenda vitu viwili: umeme, ile sisi tunaita kuranti, na violonseli, ile violoni kubwa inayokaa katikati ya magoti. Alisoma fizike na alisoma muziki. Vita ya kwanza ilipofika walimutia mu jeshi, mu kazi ya redio. Kisha Mapinduzi ya 1917, mwanafizike mukubwa Abram Ioffe alimuita kufanya kazi mu chuo chake cha utafiti, mu muji ule ule, wakati ule ukiitwa Petrograd.

Mwaka 1920 walimupatia kazi isiyokuwa ya muziki hata kidogo: kutengeneza chombo cha kupima gazi kwa njia ya kuranti. Chombo chake kilikuwa kinatoa sauti, na sauti ile ilibadilika kufuatana na hali ya gazi. Siku moja akaona kama sauti inabadilika vilevile wakati yeye anasogeza mukono karibu. Mutu mwingine angesema chombo kina kasoro, akitengeneze. Theremin alikuwa mupigaji wa violonseli, masikio yake yalikuwa tayari. Akaanza kutembeza mukono mu hewa, akatafuta nota moja moja, mpaka akapiga nyimbo alizozoea kupiga ku violonseli.

Tuwaeleze namna gani kinafanya kazi, maana mufanyakazi anapenda kujua mashini yake. Wale wanaofanya kazi ndani ya galeri wanajua kitu hiki: ventilateri mbili zikizunguka karibu mwendo mumoja lakini si sawasawa kabisa, masikio yanasikia mvumo wa tatu, unapanda na kushuka, wuu, wuu, wuu. Mvumo ule hautoki ku ventilateri ya kwanza wala ya pili. Unatoka ku tofauti yao. Chombo cha Theremin kiko na saketi mbili za kuranti zinazotikisika mbio sana, mbio kushinda vile sikio la mutu linaweza kusikia. Moja haibadiliki. Ya pili inafuata mukono wa mupigaji, kwa maana mwili wa mutu pia unachukua umeme kidogo. Sikio linasikia tofauti tu. Kuna antena moja iliyosimama wima: mukono ukikaribia, sauti inakuwa nyembamba, inapanda. Kuna ingine iliyopindwa sawa pete upande wa pili: mukono ukikaribia, sauti inapungua mpaka kunyamaza. Ndani kuna mizingo ya waya za shaba. Ndiyo, shaba. Bila shaba hakuna chombo kile, na hakuna vyombo vyote vilivyokifuata.

Chombo chenyewe kiliitwa kwa jina lake, teremini. Mupigaji hagusi kitu. Hakuna kamba, hakuna kibonye, hakuna alama ya kumuonyesha nota iko wapi. Akitikisa kidole kidogo tu, nota inaharibika. Njo maana wachache tu waliweza kukipiga vizuri.

Kutoka Lenin mpaka New York

Mwezi wa tatu mwaka 1922, Theremin aliitwa Kremlin kuonyesha chombo chake mbele ya Lenin. Lenin mwenyewe alijaribu. Theremin alimushika mikono kwanza, kisha akamuachilia, na yule mukubwa akaendelea peke yake. Wakati ule serikali ya Urusi ilikuwa na mupango mukubwa wa kupeleka kuranti mu inchi nzima, na ilionekana muzuri kumutembeza kijana huyu na chombo chake, watu waone kama umeme si wa taa tu, unaweza kuimba. Theremin akazunguka inchi. Mwaka 1926 akaonyesha pia mashini ya kuona kwa mbali, mumoja wa mababu wa televizyo ya leo.

Mwaka 1927 walimutuma Ulaya: Frankfurt, Berlin, London, Paris. Kule Opéra ya Paris watu walijaa kupita kipimo. Mwisho wa mwaka ule akavuka bahari mpaka New York. Huku na huku wakubwa wa inchi yake walimutaka alete habari za viwanda vya Marekani. Alikuwa mwanamuziki, na alikuwa pia jicho la serikali. Tunaandika vile juu ni kweli, na juu jambo hili litarudi mu maisha yake kwa ukali.

Marekani ilimupokea sawa mufalme. Mwaka 1928 akapewa hati ya uvumbuzi. Kampuni RCA ikanunua haki ya kutengeneza teremini, ikafikiri kila nyumba itanunua moja. Zilitengenezwa karibu 500 tu. Bei ilikuwa dola 175, na bado spika na taa za redio havikuhesabiwa. Kisha, mwezi wa kumi 1929, soko la New York likaanguka, na watu wakaanza kutafuta mukate, si chombo cha muziki. Sisi wa Katanga tunajua vile: bei ikianguka kule mbali, mulango unafungwa huku.

Theremin hakuacha kazi. Alitengeneza chombo cha kupiga midundo mingi mara moja, ile alimutengenezea mutungaji Henry Cowell. Alitengeneza pia sakafu moja ambapo muchezaji akicheza, mwili wake wote unatoa muziki. Ili apate pesa, alitengeneza milango ya kuhisi chuma kwa gereza la Alcatraz. Mukumbuke hii: mutu aliyetengenezea wengine milango ya gereza hakujua gereza lake linamungoja.

Mwanafunzi wake aliyeshinda wote alikuwa Clara Rockmore, aliyezaliwa Vilnius mwaka 1911. Yeye alikuwa mutoto wa ajabu ku violoni, lakini njaa ya utotoni ilimuharibia mifupa, ikabidi aache. Teremini haikuomba nguvu ya mukono, iliomba sikio na uvumilivu. Clara akatafuta namna yake ya kuweka vidole mu hewa, sawa vile kuna ngazi isiyoonekana. Theremin alimubadilishia chombo kwa kufuata mahitaji yake. Alimupenda, akataka kumuoa, lakini Clara akaolewa na mutu mwingine.

Kisha Theremin akamuoa Lavinia Williams, mwanamuke Mweusi wa Marekani, muchezaji wa bale. Mu Marekani ya miaka ile, mweupe kuoa mweusi lilikuwa kosa mbele ya macho ya watu. Marafiki wengine wa kitajiri walifunga milango, na pesa zikazidi kukauka. Madeni yakapanda.

Kolima

Mwezi wa kenda mwaka 1938, Theremin akapotea New York. Aliondoka ndani ya meli ya Urusi, Lavinia akabaki. Kuna watu waliomujua waliosema alichukuliwa kwa nguvu. Yeye mwenyewe, mu uzee, alisema aliondoka kwa kupenda, juu ya madeni na juu vita ilikuwa inakaribia. Walioachwa hawakupata barua. Lavinia hakumuona tena. Alikuja kwenda Haiti, akafundisha bale kule miaka mingi, akafa mwaka 1989.

Urusi aliyoirudia haikuwa tena ile ya 1927. Stalin alikuwa anafunga watu kwa maelfu. Mwezi wa tatu 1939 Theremin akakamatwa. Walimukata miaka 8, wakamupeleka Kolima, upande wa mashariki kabisa, mahali pa machimbo ya dhahabu. Ndugu, sisi tunasema kazi yetu ni ngumu, na ni ngumu kweli. Lakini Kolima ilikuwa shimo bila kontra, bila mushahara, bila daktari wa maana, na baridi ambayo mate yanaganda mbele ya kufika chini. Posho ilifuata kazi: aliyetimiza kipimo alikula, asiyetimiza alipunguziwa, na aliyepunguziwa hakuweza tena kutimiza. Wengi sana walikufa namna ile.

Theremin aliwekwa mu kikosi cha barabara, kazi ya mawe na burweti. Mikono ile iliyopiga muziki mu Opéra ya Paris ikashika vipini vya burweti. Yeye akaangalia kazi sawa vile mufundi anaangalia. Akaona gurudumu linazama, watu wanachoka bure. Akapanga njia ya mbao, sawa reli ndogo, burweti zipite juu yake bila kuzama. Kazi ikapanda, na posho ya kikosi chake ikapanda. Sisi watu wa sendika tunaisoma sehemu hii mara mbili. Hakuna aliyempa zawadi, lakini wenzake walikula. Kwetu sisi, kati ya vyombo vyote alivyotengeneza, ile njia ya mbao haikuwa ya mwisho kwa heshima.

Kisha wakubwa wakakumbuka kama mutu wa akili anapotea bure. Wakamutoa Kolima, wakamutia mu gereza la mafundi, mahali wafungwa wanafanya utafiti. Alikuwa kule pamoja na Andreï Tupolev wa ndege, na Sergueï Korolev, yule aliyekuja kurusha mutu wa kwanza mu anga. Korolev naye alikuwa amechimba dhahabu Kolima.

Pale walimuamuru atengeneze masikio ya serikali. Mwezi wa nane 1945, watoto wa shule wa Urusi walimuletea balozi wa Marekani kule Moscow zawadi nzuri: alama ya taifa la Marekani, iliyochongwa mu mbao. Balozi akaitundika ku ukuta. Ndani mulikuwa kijichombo cha Theremin, bila betri, bila waya wa kuranti. Kilingoja mawimbi ya redio kutoka inje, njo kinaamka na kupeleka sauti za chumba. Kilisikiliza kwa miaka 7, mpaka Wamarekani wakakigundua mwaka 1952. Mwaka 1947 walimupa tuzo ya Stalin, na wakamuachilia. Lakini aliendelea kufanya kazi ya siri ile miaka mingi tena. Mu Marekani, watu walimuhesabu marehemu.

Mbegu iliyoota mbali

Sasa muangalie jambo la ajabu. Wakati mwenyewe amefungiwa, chombo chake kilikuwa kinatembea. Mwaka 1947 ilitoka sahani ya Marekani ambamo Samuel Hoffman anapiga teremini juu ya okestra na sauti za watu, muziki wa polepole juu ya mwezi. Miaka 22 kisha, Neil Armstrong alibeba kaseti ya muziki ule ule mu safari yake ya kwenda mwezini.

Kijana mumoja wa New York, Robert Moog, aliyezaliwa 1934, alijitengenezea teremini akiwa bado mwanafunzi. Yeye na baba yake wakaanza kuziuza mwaka 1954. Kwa kutengeneza teremini alijifunza namna kuranti inageuka sauti, na mwaka 1964 akatoa sintetizeri yake ya kwanza. Sintetizeri ile ilikuwa na shida moja: ilitoa nota moja tu kwa mara moja. Basi, Wendy Carlos alipotaka kupiga Bach, ilibidi arekodi musitari mumoja ku bande, arudi nyuma, arekodi wa pili juu yake, kisha wa tatu, siku nyingi sana. Sahani ikatoka 1968, ikatikisa dunia. Mu 1974 Mujapani Isao Tomita akafanya vile na muziki wa Debussy. Mu 1976 Mufaransa Jean-Michel Jarre akatoa Oxygène, aliyoirekodi nyumbani kwake Paris. Mugriki Vangelis akapeleka sauti hizi mu sinema. Muziki wa vijana wetu ku telefone ni mutoto wa watu hawa.

Ni muziki wa matabaka. Sisi tunaojua udongo hatupashwe kuogopa neno hili. Juu kuna udongo mwekundu, chini kuna jiwe, chini zaidi kuna minerai, na mutu asiyejua anaona shimo tu. Na sisi hatukosi masikio ya kazi hii. Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa Jadotville, Likasi ya leo, mu 1952, alipiga gitare moja na sikio likasikia mbili: kidole gumba kinatembea chini, vidole vingine vinaimba juu. Anayesikia Mwenda vizuri anaweza kusikia Tomita. Usitafute mwimbaji. Shika kwanza sauti ya chini kabisa, ile isiyobadilika, uifuate peke yake. Kisha uache sikio lipande ku sauti ya katikati. Mara ya tatu fuata ile ya juu. Mara ya ine, sikiliza yote pamoja. Utaona kitu ulichokiita makelele kina mupango, sawa vile mutu mugeni anasikia makelele mu usine, lakini fundi anasikia kama roulema fulani inataka kufa.

Na tena, musikilize kwa sauti ya chini. Masikio yetu yameshapigwa vya kutosha na kompresa na baruti. Muziki huu haudai nguvu, unadai utulivu.

Mwisho wa mutu

Miaka ya 1960, Theremin alipata kazi mu konservatwari ya Moscow, akaanza kutengeneza tena vyombo vyake. Mwaka 1967 mwandishi wa gazeti la New York alimukuta kule, akaandika kama mutu yule ni muzima. Habari ile, badala ya kumusaidia, ikamuharibia. Wakubwa wa konservatwari wakamufukuza, na vyombo vyake vikavunjwa. Akaenda chuo kikuu cha Moscow, upande wa fizike, akaandikwa sawa fundi wa kawaida. Wakati kampuni za Marekani na Japani zinauza sintetizeri mu dunia nzima, yeye alikuwa analipwa mushahara wa fundi. Alimufundisha musichana mumoja wa jamaa yake, Lydia Kavina, tangu miaka 9, na huyu akakuja kuwa mupigaji mukubwa wa teremini.

Milango ilifunguka akiwa na miaka zaidi ya 90. Mwaka 1989 alifika Ufaransa, ku festivali ya Bourges. Mwaka 1991 alirudi Marekani, kisha miaka 53. Alimukuta Clara Rockmore, mwanamuke muzee sasa. Clara alikuwa ametoa sahani mwaka 1977, pamoja na dada yake Nadia ku piano, na aliyeisimamia alikuwa Robert Moog. Njo vile wale watatu, bwana, mwanafunzi, na yule kijana aliyejifunza kwa mbali, waliungana ku kazi moja hata bila bwana kuwa pale.

Léon Theremin alikufa Moscow tarehe 3 mwezi wa 11 mwaka 1993, akiwa na miaka 97.

Sahani ile ya Clara inapatikana leo. Vijana, muwatafutie wazee wenu. Jumapili magaribi, kisha chakula, muiweke kwa sauti ndogo, watoto wanyamaze dakika 5 tu. Musikilize ile violonseli isiyokuwa violonseli, na mikono isiyogusa kitu.